Kisu Bei Yake, Mpini Bei Yake

Tanzania hii ina bei ya kila kitu. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA hututangazia bei ya petroli mpaka shilingi ya mwisho, na mtu asiye na hata baiskeli anaijua na anailalamikia. LATRA imepanga nauli, na konda akikuzidishia shilingi 100 daladala nzima inageuka bunge. Muuza mkaa ana bei ya kopo, ya ndoo na ya gunia. Mchimba kaburi naye ana bei yake, tena haipandi ukishashushwa. Lakini ingia hospitali binafsi uulize kupasuliwa henia ni shilingi ngapi, uone watu wazima waliosoma wanavyoangalia dari.

"Inategemea, mzee."

Inategemea nini? "Inategemea na hali." Hali ya nani? Nilianza kushuku kwamba hali inayozungumzwa si ya henia yangu, ni ya mfuko wangu, maana swali lililofuata halikugusa maumivu kabisa. Dada wa mapokezi alikwishaniamkia kwa shikamoo safi, ya kutangaziwa redioni, na marahaba yangu haijapoa akauliza: "Unatumia bima au keshi?"

Nikasema keshi. Sijawahi kuona jibu fupi likimfurahisha mtu kiasi kile huku likinihuzunisha mimi.

Kwa nini sina bima ni hadithi ndefu, naifupisha. Mwaka 2019 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulituletea vifurushi sisi tusio na mwajiri, vikaitwa Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya. Mimi nilijali sana. Kwenye kuwekeza ndipo hela ilipogoma, na huko kwenye kutimiza sikufika. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, nikashangilia, maana na mimi ni miongoni mwa wote. Ila henia haisomi Gazeti la Serikali. Ilitoka kwa wakati wake, nikiwa nimeinama kuokota rimoti.

Kwa wasioijua, henia ni ukuta wa tumbo kulegea mahali fulani, kisha kilichomo ndani kikapata dirisha. Mtu unakohoa, na utumbo unachungulia nje kuona nani anakohoa. Hauumi sana mwanzoni. Unaona aibu zaidi kuliko maumivu, hasa ukiwa unaishi Pwani, ambako ukishasema una uvimbe maeneo yale mtaa mzima unahitimisha ni busha, na vijana wa kijiweni wanaanza kukupisha njia kwa heshima isiyo ya kawaida.

Hospitali ya serikali nilikwenda, asiseme mtu nilikimbilia anasa. Daktari wa kule alinipokea vizuri, akanigusa, akanikohoza, akanipangia tarehe. Tarehe ilikuwa nzuri tu, shida ilikuwa kwenye mwaka. Tena akanipa onyo lililoniondolea usingizi: siku utumbo ukitoka ukabanwa usirudi, damu haipiti, na hapo ni dharura ya kukatwa usiku huohuo, haitasubiri foleni wala mshahara wa mwezi. Mke wangu aliposikia hivyo akasema twende private, hela itatafutwa. Mke akisema hela itatafutwa, mtafutaji ni nani hatajwi.

Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba huku private hakukuwepo kila wakati. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku udaktari wa biashara. Tiba ikawa haki, na anayetaka kutajirika akauze nyanya. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Mimi sina tatizo na mlango kufunguliwa. Ninachosema ni kwamba miaka yote hii tangu ufunguliwe, hakuna aliyepata nafasi ya kubandika bei juu yake.

Basi tukakaa mbele ya daktari wa upasuaji, kijana msafi, kalamu tatu mfukoni. Akaeleza kazi yote kwa mchoro. Nikauliza bei. Akajibu huku anaangalia mchoro: "Kama milioni mbili na nusu hivi."

Tulipofika nje mke wangu akaniuliza, "Baba, hiyo *hivi* yake ni shilingi ngapi?"

Nilimwona mkorofi. Sasa namwona nabii.

Hapo michango ikaanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini hawakuishi wakaona kundi la WhatsApp. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mweka hazina wa kudumu wa kamati za harusi za ukoo mzima. Alifungua kundi, akaliita "Matibabu ya Shemeji", akaliwekea picha yangu ya kitambulisho cha Taifa, ambayo mtu yeyote akiiona anajua kuna msiba. Kuna ndugu waliandika "Bwana ametoa, Bwana ametwaa" kabla hawajasoma tunachangia nini.

Harusi ina kima cha chini, ina kadi ya mmoja na kadi ya wawili, na usipomaliza ahadi yako hupewi hiyo kadi. Upasuaji hauna kadi, hauna mshereheshaji, hauna robo kuku. Jirani aliyetoa laki mbili kwenye kipaimara cha mtoto asiyemjua jina alinitumia Sh5,000, na nilipozitoa kwa wakala makato nayo yakachukua sehemu yao kama mwanandugu. Mwingine aliahidi kuchangia mambo yake yakikaa sawa. Namfahamu tangu shule ya msingi. Mambo yake hayajawahi kukaa, hata kuchuchumaa. Binamu hakuwa na hela, akaleta namba ya mganga wa Bagamoyo anayetibu kwa simu. Huyo, lazima haki itendeke, alikuwa na bei moja, imeandikwa, na inajumuisha kila kitu.

Hela ikatimia kwa kuuza kiwanja ambacho nilikuwa nimewaambia watoto ni urithi. Tukaenda. Dipoziti Sh2 milioni kabla sijavua viatu. Nikapewa risiti, nikapewa kitanda, nikapewa gauni la kijani linalofungwa nyuma kwa kamba mbili, moja imeshakatika. Nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nikasukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Katikati ya korido kitanda kikasimama. Akatokea kijana wa idara ya fedha na karatasi.

"Samahani baba, kuna neti. Ile ya kushikilia ukuta wa tumbo. Haimo kwenye ile bei. Tuweke, tusiweke?"

Naomba msomaji uvute picha. Mtu amelala chali, hana suruali, hajala tangu jana, anaangalia taa za dari zikipita, anaulizwa kama tumbo lake lishikiliwe au liachwe lijitegemee. Nani aliwahi kujibu tusiweke? Nikasaini. Hata nilichosaini sikukisoma, maana miwani waliichukua pamoja na meno ya bandia.

Hapo ndipo nilipouelewa ugonjwa wenyewe. Mteja wa Kariakoo ana silaha moja kubwa kuliko zote, nayo ni kuondoka. Anageuka, anapiga hatua mbili, muuzaji anamwita, "Njoo mzee, ongeza kidogo." Mgonjwa aliyekwishalala hana miguu ya kugeukia. Bei ya upasuaji huulizwa umesimama. Ukishalala, huulizi tena bei, unajulishwa.

Ndani ya chumba cha upasuaji mambo yalikuwa ya mpangilio wa kupendeza. Waliniuliza jina, wakaniuliza nimekuja kupasuliwa nini, wakaniuliza upande gani. Huo ni utaratibu wa usalama ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2008 ili mtu wa goti asije akatoka bila figo, na naupongeza kwa dhati. Nilijibu: jina langu hili, henia, kulia. Ila kama wangeongeza swali moja tu, "Je, kuna mtu humu anayejua mgonjwa atalipa shilingi ngapi?", nadhani mashine peke yake ndiyo ingeendelea kulia.

Sikupewa nusu kaputi. Nilichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo kuanzia kiunoni kushuka nilikuwa mali ya hospitali, lakini masikio yalibaki yangu. Hili nalo ni mateso yasiyoandikwa vitabuni. Namsikia daktari anasema, "Nipe nyuzi nyingine," nami najumlisha. "Fungua glovu nyingine," najumlisha. Kuna wakati kifaa kililia kwenye sakafu, kling, na mtu akasema, "Lete kipya." Nilitamani kuinua kichwa niulize kile cha kwanza kimepatwa na nini hasa, si kioshwe tu? Daktari wa usingizi, mama mmoja mpole, aliona mapigo ya moyo yanapanda, akaniinamia: "Usiogope baba, karibu tunamaliza." Sikuwa naogopa kisu. Nilikuwa nafanya hesabu.

Wodini nako. Kila asubuhi daktari alisimama mlangoni na kundi lake. "Unaendeleaje, mzee?" Nikajibu, "Naendelea vizuri, nashukuru sana." Wakaondoka. Nesi mmoja mwenye huruma akanitonya kwamba kuonwa na daktari wodini ni Sh40,000 kwa mara moja. Maana yake maneno yangu manne nimeyauza kwa hasara ya shilingi elfu kumi kila neno. Kesho yake nikajipanga ili hela yangu izae. Aliponiuliza naendeleaje nikamweleza usingizi, ndoto, gesi, mguu wa kushoto unaowaka tangu mwaka wa El Niño, na historia ya presha upande wa mama. Nilipofika kwa babu, daktari alikuwa kitanda cha tatu.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo siku ya hukumu. Usidhani unaruhusiwa na daktari. Daktari anasaini tu; anayeruhusu ni dirisha la malipo. Nikamwita Shemeji. Akaja na kikokotoo chake kikubwa cha kamati, kile chenye vitufe vya kupiga kelele, akavaa miwani, akaomba mchanganuo. Binti wa dirishani akasema mchanganuo hautolewi, hutolewa jumla. Shemeji akamwambia kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, mimi nimelipa wapishi wa watu mia nne na sijawahi kulipa jumla." Nyuma yetu foleni ikarefuka. Mchanganuo ukatoka. Kurasa tatu.

"Vipimo vya kabla, Sh200,000. Sawa. Daktari wa usingizi, Sh400,000. Huyu si wa hapahapa?"

"Ni wa kuitwa, baba."

"Na daktari wa kisu?"

"Yeye yumo kwenye ile milioni mbili na nusu."

"Kwa hiyo ile bei ilikuwa ya kukatwa ukiwa macho." Kikokotoo kikalia. "Neti, Sh450,000. Usiku wa pili wa kitanda, Sh150,000. Kwani wa kwanza umo?"

"Wa kwanza umo."

"Daktari kusimama mlangoni, Sh80,000. Glovu jozi kumi na nane. Huyu daktari ana mikono mingapi?"

"Ni timu, baba."

"Vifaa mbalimbali." Hapo Shemeji akavua miwani. "Binti yangu, kwenye kamati zetu, kila ninapokuta kitu kinaitwa mbalimbali, najua kuna mtu anajenga banda la kuku."

Vifaa mbalimbali vikafunguliwa navyo. Na humo, kati ya pamba na plasta, tukakuta sindano ya kuongeza uchungu wa uzazi, Sh18,000, imeandikwa jina langu. Binti aliangalia karatasi, akaniangalia mimi na kitambi changu, kwa sekunde moja nikaona anasita. Ikafutwa. Vifaa na dawa vikabaki Sh520,000. Jumla kuu: Sh4.3 milioni. Hiyo *hivi* aliyoiulizia mke wangu ilikuwa Sh1.8 milioni.

Neti imeniuma kuliko vyote, na haikuniuma kwenye kidonda. Baada ya kurudi nyumbani nilisoma habari zake, maana mtu aliyelalia mgongo anasoma chochote. Mwanzoni mwa mwaka 2016 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 wenye henia kama yangu waligawanywa: wengine wakawekewa neti za kununua, zile za dola zipatazo 125, wengine wakawekewa kitambaa cha chandarua kilichosafishwa kwa mvuke wa joto kali, gharama yake kama dola 1. Ndiyo, chandarua, cha mbu. Baada ya mwaka mmoja henia ilimrudia mtu mmoja upande wa chandarua, na hakuna upande wa pili. Kwa hesabu za wataalamu, hakuna tofauti ya maana. India walikuwa wamelijaribu jambo hilo miaka mingi kabla.

Sasa tafadhali, msianze kukata vyandarua vya msaada na kwenda navyo hospitali mmevikunja chini ya kwapa. Vya kwetu vingi vina dawa ya kuua mbu, na wale wa Uganda walitumia visivyo na dawa, wakavitayarisha kitaalamu. Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Nilalapo usiku chini ya chandarua changu cha bei poa, nikisikia mbu analia nje, nisikumbuke kwamba ndani ya tumbo nimebeba binamu yake wa karibu nusu milioni.

Nisije nikaonekana sina shukrani. Kidonda kimefunga, rimoti naiokota mwenyewe. Nilimuuliza yule daktari kijana kwa nini bei iko hivi, akanijibu vizuri, bila kuangalia dari. Mama wa usingizi, alisema, ndiye aliyekuwa anakulinda usife. Kisu ni dakika chache, yeye ni kila pumzi. Vyombo lazima visafishwe kwa mvuke wa joto kali vijidudu vife, na umeme ukikatika jenereta haliwashwi kwa maombi. Nyuzi zinaagizwa nje kwa dola. Nikakubali yote. Tena sijalalamika kwamba ni ghali. Hata ng'ombe wa Pugu ni ghali, ila nikimnunua siletewi bei ya mkia baadaye. Sigombi na bei, nagombana na vipande. Kama kazi yote ni Sh4.3 milioni, niambie Sh4.3 milioni nikiwa nimevaa suruali, nizimie hapohapo, niamke, niamue.

Wala msinidanganye kwamba haiwezekani. Bima wanapewa bei ya kila kitu mpaka pamba. Kinaitwa kitita, na Machi 2024 NHIF ilipoanza kutumia kitita kipya, baadhi ya hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wake, zikisema bei zile haziwatoshi. Serikali ikasema zinatosha. Wenye wahasibu, wanasheria na viyoyozi walikaa mezani wakibishana kitu gani ni shilingi ngapi, mstari kwa mstari. Kwa hiyo mistari ipo! Iko kwenye kompyuta, mtu anaweza kuichapisha. Mimi wa keshi ndiye peke yangu ninayeambiwa inategemea. Hata Marekani, ambako bili ya hospitali ni kisa cha kutisha watoto, tangu Januari mosi 2021 hospitali zimelazimishwa na kanuni ya serikali kuweka bei zao hadharani. Kama wanazificha vizuri hapo hadharani ni mambo yao, lakini angalau kuna cha kutafuta.

Halafu kuna bili ambayo hata Shemeji hakuikagua, kwa sababu haikupitia dirishani. Shangazi alikuja kuniuguza kutoka Handeni na jogoo mmoja. Jogoo tulimla siku ya kwanza. Shangazi alikaa mpaka nyuzi zikatolewa, na yeye hali wali bila nazi. Kuna bajaji ya kwenda na kurudi, kuna vocha, kuna mtoto wa shule aliyetakiwa kubaki kwa jirani na jirani akatakiwa kushukuriwa. Kuna wageni wa kunijulia hali, wanaoleta machungwa manne na kunywa soda sita. Kuna wiki za kutobeba mzigo, ambazo kwa mtu asiye na mwajiri ni wiki za kutoingiza kitu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilikadiria kwamba watu milioni 33 kila mwaka hutumbukia kwenye gharama za kuwafilisi kwa sababu ya kulipia upasuaji na ganzi kutoka mfukoni, na wengine milioni 48 hutumbukizwa na vitu visivyo dawa wala kisu: nauli, chakula, malazi. Soma tena namba hizo. Waliomalizwa na shangazi ni wengi kuliko waliomalizwa na daktari.

Kwa hiyo wewe ambaye bado umesimama, na pale chini umeanza kujishikashika ukidhani watu hawakuoni, sikiliza. Siku ukitajiwa bei, usiulize kama inapungua. Uliza imebeba nini. Daktari wa usingizi yumo? Vipimo vya kabla vimo, damu, picha na kipimo cha moyo? Neti, au chuma, au chochote kitakachobaki ndani yangu, kimo? Kitanda ni cha usiku ngapi, na wodi ya watu wangapi? Dawa za kwenda nazo nyumbani? Nyama ikikatwa ikapelekwa maabara, nani anailipia? Kutoa nyuzi na kubadilisha bandeji je? Nikivuja damu saa nane usiku mkanirudisha ndani, hiyo ni bei ileile au tunaanza ukurasa mpya? Na dipoziti ikizidi, inarudi kwa njia gani na kwa muda gani? Mwambie aandike kwenye karatasi yenye nembo, apige mhuri. Akisita, nenda hospitali ya pili na ya tatu, wala usione haya. Harusi tunazungukia kumbi tano kutafuta bei, na ukumbi haukuchani tumbo. Uliza pia kliniki za private zilizomo ndani ya hospitali za umma, maana huko mara nyingi unampata bingwa yuleyule kwa dirisha tofauti. Na muombe ndugu mmoja mwenye roho ngumu awe upande wako siku hiyo. Si lazima awe na elimu ya tiba. Awe amewahi kukamata wezi wa bia kwenye kamati.

Nilirudi kliniki kuangaliwa. Kuonwa ilikuwa bure, kama walivyoahidi. Bandeji haikuwa sehemu ya kuonwa. Daktari akafurahia kidonda chake, akakisifu kana kwamba ni chake peke yake na hakuna aliyechangia. Halafu, kwa bahati mbaya, akapeleka mkono upande wa kushoto.

"Kohoa, mzee."

Nikakohoa.

"Mh," akasema. "Na huku naona kama kuna kidalili. Hebu panda kitandani niangalie vizuri. Huku kunauma?"

Sikupanda. Nilivuta suruali, nikafunga zipu, nikafunga mkanda mpaka tundu la mwisho, nikamfungulia mlango Shemeji aliyekuwa nje na kikokotoo.

"Daktari," nikasema, "bado hakujaanza kuuma. Nasubiri mchanganuo."